Kusafishwa si Kutoa

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika shule ya upili huku Embu, na kwa miaka mingi nimewasumbua wanafunzi kwamba kila kitu kina jina lake. Mtoto akiandika "kitu ya kuchota maji", namrudishia daftari aandike kata. Nilijivunia ukali huo. Siku hizi sijivunii, kwa sababu neno sahihi nililotamka mbele ya watu wasiolitaka lilimpotezea mdogo wangu wiki sita, na wiki sita hizo nusura zimuue.

Mdogo wangu ameolewa Ruiri. Analima viazi na vitunguu, ana ng'ombe wawili na watoto watatu. Moyo wake una valvu mbovu tangu tulipokuwa watoto kwetu Mikinduri. Aliumwa koo mara kwa mara, akapewa maji ya chumvi asukutue, na hakuna aliyejua kwamba ugonjwa wa koo unaweza kushuka mpaka moyoni. Alipojifungua wa tatu aliwekewa oksijeni, na daktari akawaita yeye na mumewe, akawaambia waziwazi kwamba mimba ya nne itamwua. Mumewe alikuwepo. Alisikia kwa masikio yake mawili, akaitikia kwa kichwa.

Basi alikuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu. Alikwenda zahanati mara mbili akaambiwa dawa imeisha, arudi wiki ijayo. Aliporudi mara ya tatu alikuwa amechelewa. Alinipigia simu nikiwa katika chumba cha walimu, akasema tu, "Dada, nimeshika tena."

Tulikwenda pamoja hospitali moja mjini Meru. Tulimpata daktari kijana, mpole, ambaye hakututazama kama wahalifu. Alipima, akasema mimba ni ya wiki tisa. Akageuza fomu akachora moyo nyuma yake. "Damu ya mjamzito huongezeka kila wiki," alituambia, "na hii valvu yake ni mlango mwembamba. Mkingoja, damu itakosa njia, irudi kwa mapafu."

Mimi ni mwalimu, siwezi kukaa bila kuuliza. Nikamwuliza inatolewaje. Akanieleza bila kunong'ona. Mapema hivi kuna njia mbili. Kuna vidonge, vinavyofanya mji wa uzazi ujikaze na kutoa kilichomo, kama mimba inavyoharibika yenyewe. Halafu kuna bomba dogo la plastiki la mkono, linalofyonza, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kwa mtu mwenye moyo kama wake alipendelea bomba, hapo hospitalini, ambapo damu itakayotoka itaonekana na mapigo yatafuatiliwa. Mimba ikikua zaidi, alisema, njia hizo hazitoshi. Itabidi mlango wa kizazi uandaliwe taratibu, bingwa wa moyo awepo, na hatari ipande.

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Daktari, mimi nataka kulea hawa watatu niko nao."

Hapo ndipo mambo yangeishia. Katiba yetu inaruhusu pale ambapo maisha au afya ya mama imo hatarini kwa maoni ya mtaalamu wa afya, na haimtaji mume, wala mama mkwe, wala mchungaji. Daktari akampangia Alhamisi. Lakini muuguzi mkuu wa wodi alitaka sahihi ya mume. Nilimwambia sheria haisemi hivyo. Akanijibu, "Madam, sheria iko Nairobi. Hapa wakikuja kupiga kelele, ni mimi watapata."

Kwa hiyo kikao kikafanyika Ruiri, sebuleni kwa mdogo wangu. Alikuwepo mumewe, ambaye ni mzee wa kanisa. Alikuwepo mama yetu, aliyetoka Mikinduri asubuhi, mchungaji wao, na akina mama wanne wa chama cha kanisa. Mdogo wangu alikaa karibu na mlango apate hewa. Mama hasikii lugha nyingine ila Kimeru, kwa hiyo shemeji, mume wa mdogo wangu, akanigeukia: "Mwalimu, si wewe ndiye ulikuwa huko. Tuelezee."

Nilikuwa na maneno mawili mkononi. Lipo neno moja ambalo kila mwanamke wa vilima hivi analijua: kusafishwa. Mimba ikiharibika yenyewe unakwenda hospitali unasafishwa, unarudi nyumbani, majirani wanakuletea uji. Na lipo lile jingine, kutoa, ambalo likitajwa watu hutazama sakafu.

Nilichagua la pili, nikalisema kwa Kimeru, kavu kabisa. Nilikuwa na sababu. Miaka michache kabla, msichana wa kidato cha tatu shuleni kwetu alikuwa amekunywa kitu alichoambiwa na wenzake. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, maana hawa watoto hunywa kila kitu, kuanzia chai iliyochemshwa mpaka ikawa lami hadi sabuni ya kufulia. Wengine hutumia waya. Alipofikishwa hospitali aliogopa polisi, akashikilia kwamba mimba imetoka yenyewe. Walimtibu kwa walichoambiwa. Walipogundua ukweli, usaha ulikuwa umeshajaa tumboni na kizazi kikabidi kitolewe. Alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo niliapa kwamba mimi sitalifichia jambo hili jina.

Mama aliweka kikombe chini. Shemeji akasema, "Mwalimu, hiyo ni abortion. Wacha tusidanganyane."

"Ndiyo maana sikuwadanganya."

Mchungaji alikohoa. "Uhai ni wa Mungu. Yeye ndiye hupeana, na yeye ndiye huchukua. Sisi ni nani?" Mama mmoja wa chama akadakia kwamba madaktari husema hivyo kila siku, na kuna mtu wa kwao aliambiwa atakufa akazaa mapacha, na mapacha wenyewe wako darasa la nne.

Mama yangu alizungumza mwisho, kwa sauti ya chini. Alisema, "Nilizika wawili kabla yako. Mmoja hakuwa amefikisha miezi mitano. Usiniambie huyo si mtoto." Hasira yangu, ambayo ni nyingi, haikumfikia yeye. Alikuwa anaamini kitu alichokilipia. Nilimwambia, "Mama, sijasema si mtoto. Nimesema huyu hapa mlangoni pia ni mtoto wako." Akalia. Lakini hakusema ndiyo.

Shemeji alisema hatatia sahihi. Mtu aliyeketi kwa daktari akaitikia kwa kichwa, mtu ambaye hajawahi hata siku moja kuuliza sindano inaisha lini, alisema dhamiri yake haimruhusu. Nikamwuliza dhamiri hiyo ilikuwa wapi usiku wa kushika mimba. Mchungaji akaniambia nichunge ulimi. Mdogo wangu akasema, "Dada, wacha." Na kikao kikafungwa kwa sala.

Nilikwenda jikoni kwa sababu ningebaki sebuleni ningerusha kitu. Mkubwa wa wale akina mama wa chama, mke wa mzee wa kanisa aliyestaafu, alikuwa akimimina chai kwenye chupa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Wewe Mwalimu umesoma, lakini hujui kuongea," alisema. "Si ungesema tu anaenda kusafishwa? Sisi wote tumesafishwa hapa. Hakuna mtu angeuliza."

"Wanatumia nini kusafisha?"

"Si ile bomba."

"Na kutoa wanatumia nini?"

"Si hiyo hiyo. Lakini ile ingine ni Mungu ameanza, daktari anamalizia tu." Akafunga chupa, akaifuta kwa kitambaa. "Na hata hizo, zingine tunajua vile zilianza."

Walijua. Walikuwa wameketi mbele ya mdogo wangu wakiinamisha vichwa, na kati yao walijua nani alianziwa na Mungu na nani alijianzia, na uji walimpelekea kila mmoja. Kosa letu halikuwa tendo. Lilikuwa kulitaja kabla.

Alhamisi ilipita. Tuliporudi Meru yule daktari kijana alikuwa amehamishwa wodi, na aliyekuwepo hakusema ndiyo wala la. Alisema tungoje tuone. Tukangoja. Akasema tulete barua ya daktari wa moyo. Tukaleta. Akasema ile sahihi bado. Alikuwepo muuguzi mmoja aliyenivuta pembeni akaniambia, "Madam, mimi hiyo kazi siwezi kushika, imani yangu hairuhusu. Lakini nitamwangalia kabla na baada." Na alifanya hivyo. Alimfunika blanketi, alimpima presha bila kumsuta, na siku moja alimletea ndizi kutoka kwake. Huyo tulitofautiana naye, na bado namheshimu. Anayenichefua ni yule daktari wa tungoje tuone. Sheria ya zamani ya jinai inayokataza kutoa mimba haijafutwa, ni kweli, na woga wake naufahamu. Lakini alijificha nyuma ya kalenda huku akijua kalenda inafanya nini kwa ile valvu.

Katika wiki ya kumi na tano mumewe alinipigia simu mwenyewe. Mdogo wangu hakuweza tena kulala chali. Alikuwa ameketi kwenye kiti tangu jana, miguu imevimba, anakohoa povu lenye rangi ya damu. "Mwalimu," alisema, "kuja umchukue." Dhambi hakuitaja siku hiyo.

Nilimleta Embu. Daktari bingwa wa akina mama aliyetupokea alinitoa nje, akafunga mlango, akakaa naye peke yake dakika kama kumi. Alipofungua alikuwa na sahihi moja tu, ya mgonjwa. Hakutafuta nyingine. Lakini lile bomba dogo la dakika chache halikufaa tena. Ilichukua siku mbili, na daktari wa moyo, na oksijeni, na dawa za kukausha maji mapafuni. Alipona. Nasema alipona kwa sababu yu hai. Bingwa aliniambia moyo umechoka kuliko ulivyokuwa, na kwamba katika wiki ya tisa angerudi nyumbani baada ya siku moja. Niliomba nioneshwe choo, nikaingia nikapiga ukuta kwa kiganja mpaka kikavimba.

Aliporudi Ruiri alikuta kanisa linajua. Mumewe alikuwa amewaambia, kwa machozi, na akaombewa. Yeye aliombewa, akaendelea kupitisha kapu la sadaka. Mkewe alitengwa na meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya watu. Wale akina mama wanne hawakuleta uji.

Ilipita karibu miezi saba. Kisha akaniambia anataka kutubu, nije nimshike mkono. Nilikuja kutoka Embu nikiwa nimejiandaa kumzuia. Nilimkuta amevaa, ameketi kitandani, anavuta pumzi baada ya kufunga viatu.

"Utatubu nini?" nilimwuliza. "Kwamba hukufa?"

"Dada, kaa chini."

"Sikai. Huyo aliyekupa mimba anatubu lini?"

Alingoja nimalize. Yeye hana pumzi ya kugombana. "Wewe una hasira kwa sababu una afya," alisema. "Mimi huu moyo naujua. Nikienda nikiwa nimetengwa, hakuna mchungaji atakuja. Hawa watoto watanizika na watu wa kuchimba kaburi tu, halafu wataishi hapa Ruiri na hiyo hadithi. Wacha niseme hayo maneno yao. Ni maneno tu."

Ni maneno tu. Aliniambia mimi hivyo.

Alisimama mbele ya kanisa lililojaa. Mchungaji alimsomea sentensi, naye akairudia kipande kwa kipande, kwa sababu ndefu zilimkata pumzi. Aliomba msamaha kwa Mungu, kwa kanisa, na kwa mume wake. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha wazee, mikono magotini, na alipotajwa aliinamisha kichwa kama mtu anayesamehe. Watu wakapiga makofi. Yule mama wa jikoni alikuwa wa kwanza kusimama, na alikuwa analia kwelikweli.

Ibada ilipoisha nilimpitisha mdogo wangu katikati ya watu waliotaka kumkumbatia. Mlangoni mchungaji alininyooshea mkono, akasema, "Mwalimu, leo ni siku ya furaha." Sikuupokea. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika mdogo wangu, kwa sababu pale mlangoni kuna ngazi tatu za kushuka, na kabla ya kufika chini alikuwa amepumzika mara mbili.