Ndege Asiye na Mapaja

Nilirudi kazini kutoka likizo nikakuta chungu cha shangazi yangu kimefungiwa kwenye kabati la kioo, pembeni kimebandikwa karatasi: "Chungu cha matambiko, Upare Kusini." Mungu wangu, wameniua!

Shangazi ni mzee wa kanisa la Kilutheri huko Vudee, tena ndio kwanza kachaguliwa. Chungu nilimwomba mimi, maana makumbusho yetu hapa Same hukusanya viumbe na vyombo vya zamani: huku vyura na mijusi ya msituni, kule mitungi na majembe. Akakubali, dereva wetu akaja kukichukua, mimi nikabaki Vudee nala makande na kulala. Sasa Jumamosi ya wiki ile umoja wa wanawake wa usharika wake ulikuwa unakuja kututembelea, na yeye ndiye aliyewashawishi waje waone chungu chake. Wakisoma hiyo karatasi, uzee wa kanisa kwaheri.

Nikamfuata mtaalamu wetu wa mila. "Kaka, nani kakwambia matambiko?"

"Mifupa," akasema, macho yanamng'aa. "Kimefika na mifupa ndani. Kafara hiyo!"

Nikamwomba atoe karatasi. Akagoma, eti utafiti haubanduliwi kwa sababu ya shangazi wa mtu. Dereva wa kumuuliza alikuwa ziwani Jipe na watafiti wetu wa samaki, simu haipatikani.

Mifupa yenyewe alikuwa nayo mtaalamu wa ndege, hali, halali. Alikuwa ameipanga juu ya pamba. Shingo ipo, mabawa yapo, miguu ipo, mapaja hakuna! Akaninong'oneza kwamba huenda msitu wa Shengena umetupatia ndege mpya kabisa. Nikamuuliza, asiye na mapaja anatembeaje? Akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Jamani, elimu!

Jumamosi wakaja, kitenge cha sare, mapambio tangu getini. Shangazi akawavuta wenzake moja kwa moja hadi kabatini, akaanza kuwasomea kwa sauti. Alipofika "matambiko" sauti ikakatika. Mtaalamu wa mila akadakia kwa fahari kwamba kilifika na mifupa ya kafara ndani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wenzangu, mimi nilitia kuku humo dereva ale njiani! Chombo hakitoki kwangu kitupu!" Shangazi aling'aka. Nyuma mmoja akasema hili lazima mchungaji alisikie.

Mwenyekiti wao, jirani yake wa miaka yote, alisogea mbele. Aliagiza mifupa iletwe. Mtaalamu wa ndege akaileta kama anabeba mtoto mchanga. Mwenyekiti akainama, akatazama, akanyanyua kichwa.

"Mapaja yako wapi?"

Shangazi akatazama chini. "Niliyabakiza nyumbani."

"Na kifua?"

"Nacho."

"Basi huyu hajatambika," mwenyekiti akawageukia wenzake. "Mzimu gani wa Kipare apewe shingo na miguu anyamaze? Angemrudishia siku hiyo hiyo! Huyu tunamjua, hata mgeni wa harusi humpa kipapatio."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia kabati. Mtaalamu wa mila alibandua karatasi kwa mkono wake mwenyewe, na yule wa ndege akatafuta kiti akakaa. Hakuna aliyemtaja mchungaji tena. Shangazi alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akawanunia wenzake wote, akianza na mwenyekiti, njia nzima mpaka Vudee.