Kiroboto, Mkewe na Mkanda wa Taimingi

Jirani yangu fundi magari aliitwa Kiroboto tangu ujanani, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkaribisha ndani, kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani ameshainama kwenye bawaba ya mlango wako, bisibisi mkononi. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi gereji, na wateja walimpenda kwa sababu hakulaza gari. Lililoingia asubuhi lilitoka jioni, hata kama yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni.

Mkewe ni mkunga. Walikutana siku gari la wagonjwa lilipozimika njiani, yeye akiwa nyuma na mama mwenye uchungu. Kiroboto alikuwa anapita tu. Akaingia chini ya gari, mkunga akaendelea na yake ndani, na gari liliwaka mtoto akiwa ameshalia. Miaka yote mkewe alipenda kumtania: "Mimi nilimaliza mapema. Mwenzangu ndiye aliyechelewa." Naye Kiroboto hakukosa jibu: "Wewe ulikuwa na mtu wa kukusukumia."

Halafu mwaka juzi kiharusi kikamwangusha palepale gerejini. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia unaning'inia kama wa koti lililotundikwa, mguu unaburuta, na maneno yamemkimbia. Akili ilikuwa timamu. Unamwona kabisa analitafuta neno, analifikia, halafu mdomoni linatoka jingine. Mezani aliomba chumvi kwa kusema "tairi". Watu walicheka mara ya kwanza, mara ya pili hawakucheka.

Mtu wa namna ile kumfunga kitini ni kumtesa. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa mabati, na tangu kunapokucha nilikuwa namsikia: kitini, dirishani, mlangoni, kitini tena, fimbo ikigonga sakafu ya saruji. Akikaa, goti linatikisika. Akisimama, anataka kutoka. Akitoka, hajui atoke aende wapi.

Kilichomnyima raha zaidi ni gari la mkewe. Nyuma ya mfuniko wa plastiki, pembeni mwa injini, kuna mkanda wa mpira wenye meno, mafundi wanauita mkanda wa taimingi. Ndio unaofanya sehemu za juu za injini na za chini ziende kwa mwendo mmoja. Ukikatika, gari halizimiki tu. Vyuma vya ndani vinagongana, na injini inabaki ya kuwauzia wanunua vyuma chakavu. Haya mimi niliyajua baadaye. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na gari sijawahi kuwa nalo.

Mkanda wa gari lile ulikuwa umepitisha muda wake mbali sana. Kiroboto alishanunua mwingine kabla hajaanguka, ukawa juu ya kabati ndani ya boksi lake. Kila mkewe aliporudi kutoka kazini, mume alilishusha boksi kwa mkono wa kushoto na kuliweka mbele ya sahani yake.

"Nimeona," mkewe alisema. "Nimeona, mume wangu. Nipumue kwanza."

Akalipeleka gari kwa fundi mmoja wa mtaa wa pili. Lilirudi baada ya nusu saa, na salamu kwamba mkanda bado mzima. Kiroboto akafungua boneti, akapitisha kidole juu ya bolti za ule mfuniko, akamwonyesha mkewe. Vumbi tupu. Hakuna aliyegusa kitu.

"Mwongo," akasema. Neno lilitoka safi, la kwanza kutoka hivyo wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata mkewe alikuwa na zamu ya mchana. Asubuhi akavaa ovaroli ya mumewe, akakunja mikono mara mbili, akajifunga kitambaa kichwani.

"Haya. Leo wewe kichwa, mimi mikono. Saa nane niwe wodini."

Niliposikia jeki inalia nikachungulia juu ya ua. Gari limeinuliwa upande mmoja, limewekewa stendi, tairi la mbele limetolewa, na mkunga amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa. Nikasema neno ambalo hadi leo najutia.

"Shemeji, hiyo nayo kazi ya mwanamke?"

Hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, wanao wawili walipita kwenye mikono hii. Bolti ndiyo itanishinda? Zunguka uje ushike tochi."

Nikazunguka.

Kiroboto alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na taa ya gari. Kwa ncha ya fimbo aliionyesha kila bolti kwa zamu yake. Mkewe akishika iliyo sawa, fimbo inagonga chini mara moja. Akikosea, mara mbili. Kila iliyotoka iliwekwa kwenye shimo lake la trei ya mayai, kwa mpangilio, ili zirudi zilikotoka. Kwa saa nzima kazi ilikwenda vizuri, ila fimbo ilikuwa ya haraka mno. Kabla mama wa watu hajaishusha moja, imeshaonyesha nyingine.

Bolti kubwa ya chini, inayoshika puli, lile gurudumu la nje la injini, ndiyo iliyogoma. Tukachomeka bomba refu la maji kwenye mpini wa spana. Mimi nikasukuma, hola. Mkunga akasema nipishe, akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, akajirusha. Ikalia kama mfupa unaovunjika, ikaachia. Nilidhani tumevunja gari. Kiroboto akacheka mpaka machozi, na mimi kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu augue.

Mfuniko ukatoka. Mkanda wa zamani ulikuwa na nyufa mgongoni kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Nikakimbia kwangu kuleta ule wino mweupe wa kufutia makosa, mkunga akatia alama kwenye magurudumu mawili yenye meno yanayoshika mkanda, la juu na la chini, mahali yanapotakiwa kuelekea. Akalegeza kikaza mkanda. Akauvuta mkanda.

Gurudumu la juu likaruka. *Tak!*

"Sahani!" Kiroboto akapiga kelele. "Sahani! Sahani!"

"Sahani gani?"

"Sahani!" Fimbo ikagonga mara mbili, mara nne, sikuweza tena kuhesabu. Uso ulimvimba kwa lile neno lililokataa kuja. Kisha akaitupa fimbo. Ikapiga trei ya mayai, na bolti zikatawanyika uwanja mzima.

Mkewe akaweka spana chini polepole.

"Mimi si fundi," akasema. "Sikuomba kuwa fundi. Usiku wa wiki hii nimekesha na wanawake wa watu, mchana nakesha na wewe, na leo unanitupia fimbo?" Akaingia ndani. Mlango hakuubamiza, na mimi ningeona afadhali angeubamiza.

Nilipiga magoti kuokota bolti, nikijua kabisa kwamba sijui ipi inakwenda wapi. Nilipogeuka, Kiroboto alikuwa ameteleza kutoka kitini. Amepiga goti moja kwenye saruji, mguu mbovu umekunjika chini yake, mkono wa kushoto unanyoshwa kwenye injini na haufiki. Jasho linamtiririka. Nikamshika kwapani nimwinue, akanisukuma kwa kiwiko.

Mkewe akatoka, uso umelowa maji ya bomba. Alisimama akamtazama. Kisha akachuchumaa mbele yake, na sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia kwake kabla. Nadhani ndiyo wanayoisikia wale akina mama kule wodini.

"Nitazame. Si injini, nitazame mimi. Vuta pumzi. Tena. Hilo neno liache, usilikimbize. Nionyeshe tu."

Alipumua. Akauchukua mkono wa mkewe kwa mkono wake mzima, akauweka kwenye gurudumu la juu, na viganja vyao vikiwa kimoja juu ya kingine wakalirudisha taratibu, tiki, tiki, mpaka alama ikakaa mahali pake.

"Meno," akasema. Akashangaa mwenyewe. "Meno mawili."

Lilikuwa limeruka meno mawili. Ndicho alichokuwa anapigia kelele.

Nami nikapewa kazi ninayoiweza. Nilihesabu meno ya mkanda wa zamani na ya mpya, mara tatu, yakalingana. Kiroboto, akiwa sasa amekaa juu ya tairi lililolazwa, alilizuia gurudumu la juu kwa kidole gumba, mkewe akautelezesha mkanda mpya na kukaza. Kisha wakaizungusha injini kwa spana, kwa mkono tu, mizunguko miwili kamili, ili kuona kama alama zinarudi zilikoanzia. Ya chini ikarudi. Ya juu ikapitiliza jino moja.

Mkunga akaangalia saa. Saa sita na robo.

"Tena," Kiroboto akasema.

Wakafungua upya. Safari hii mkewe alikuwa anaimba kwa kunong'ona, bila maneno, na mikono yake ilikuwa imeacha ubishi. Mizunguko miwili. Alama zote mbili zikakaa.

"Imekubali," akasema.

"Tena."

Akazungusha. Zikakaa.

"Tena."

"Kiroboto!"

"Tena."

Akazungusha, akimtukana kwa sauti ya chini, na zikakaa.

Kurudisha vyuma vingine ndiko kulikotutoa roho. Zile bolti nilizookota Kiroboto alizipima mojamoja kwa ncha za vidole, akanirudishia mbili kwa dharau kwa sababu nilizichanganya. Mwisho ikabaki moja kwenye trei. Tukatazamana sote watatu. Mkunga akarudi chini ya gari kwa mara ya kumi, akakuta ni ya lile plastiki la kuzuia matope. Nilisikia akimshukuru Mungu akiwa huko huko chini.

Saa saba na dakika arobaini akaketi kwenye usukani. Kiroboto alisimama, kiganja cha kushoto juu ya injini. Ufunguo ukazungushwa. Injini ikakohoa, ikasita, mimi nikafumba macho, kisha ikashika na kutulia kwenye mngurumo mmoja. Hakuna aliyeshangilia. Kiroboto aliacha kiganja pale kwa muda, kama anayepima homa ya mtoto, halafu akafunga boneti.

"Nenda kazini," akasema.

Akaondoka na ovaroli yake hivyohivyo. Baadaye alinisimulia kwamba aliendesha vioo vimeshushwa na redio imezimwa, kila kokoto likigonga chini ya gari roho inaruka. Huku nyumbani Kiroboto alikuwa anakwenda getini na kurudi, mpaka mkewe akapiga simu kwamba amefika, amechelewa dakika saba, na msimamizi wa zamu amemuuliza kama siku hizi anazalisha matrekta.

Gari bado linatembea. Lililobadilika zaidi ni jambo jingine. Pale hospitali kulikuwa na binti anayemfundisha Kiroboto kusema upya, akimwonyesha picha za paka, kikombe, mwavuli, na mzee alikuwa akinuna tu. Mkunga alipomsimulia habari ya meno mawili, yule binti aliweka paka kando. Wiki iliyofuata Kiroboto alikuta mezani spana, plagi kuukuu na kipande cha bomba la rejeta. Maneno ya gereji yakaanza kurudi, moja leo, mawili kesho. Siku tatu kwa wiki sasa anakaa kwenye gereji yake ya zamani, anaonyesha kwa fimbo na kugombana na mafundi, nao wanagombana naye kwa heshima zote.

Maneno ya nyumbani yalifuata nyuma, kwa kuchelewa, na majina ya watu yakawa ya mwisho kabisa. Binti yao mkubwa, anayeishi mbali, alimlalamikia kwenye simu: "Baba, pampu ya maji unaikumbuka, mimi je?"

Alilipata jina la binti huyo siku moja asubuhi, akimsaidia mkewe kuanika nguo. Alilitamka, akaiacha shuka idondoke, akalisema tena mara tatu haraka haraka lisije likampotea, huku akilivuta guu lake kuelekea ndani iliko simu.