Rudi, Umenifikisha

Nyumbani kwetu Riruta, mgeni haachwi aende peke yake. Akisema anaondoka, mama huchukua leso yake na kumfuata mpaka steji ya matatu kwenye barabara ya Naivasha. Mgeni naye anajua wajibu wake. Wakifika langoni husema, "Rudi sasa, umenifikisha." Mama hujifanya hasikii. Wakifika kwenye mashine ya kusaga unga mgeni hurudia, na mama humuuliza kama ameshachoka naye. Ni pale steji, kwa "rudi" ya tatu, ndipo mama hukubali. Siku moja alimsindikiza rafiki yake wa kanisani, rafiki akaona vibaya mama arudi peke yake, akamrudisha nusu ya njia, mama naye akaona vibaya vivyo hivyo. Jioni ile baba alipika ugali mwenyewe, na sote tulimwomba Mungu asituletee wageni tena.

"Ukirudi kwa rudi ya kwanza," mama alitufunza, "mgeni ataenda kusema tumemfukuza."

Nililibeba somo hilo mpaka chuoni, Parklands, pamoja na vitabu na nauli ya matatu ya kila siku. Nikiwa mwaka wa pili, wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wa darasa, cheo nilichokipenda kuliko inavyofaa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuzungusha karatasi ya mahudhurio dakika kumi za mwisho za kila somo, kisha kumpelekea mhadhiri. Mwanafunzi aliyekosa mara nyingi hakuruhusiwa kufanya mtihani. Nilinunua faili ya plastiki kwa pesa zangu mwenyewe ili karatasi isikunjike. Hakuna aliyeniomba.

Darasani mwetu kulikuwa na msichana aliyetoka upande wa Kakamega, aliyekodi chumba na wenzake wawili kule Ngara. Alasiri, baada ya somo la mwisho, aliteremka kwenda kwao kwa miguu. Nisijifanye mtakatifu: nilimpenda. Lakini sikumwambia. Nilichukua njia niliyoijua, nikaanza kumsindikiza.

"Rudi tu, niko sawa," alisema siku ya kwanza, hata hatujafika nje ya lango.

Nikacheka. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

"Si lazima, bana. Wewe unaishi Riruta."

Hiyo ilikuwa ya pili. Nikamtoa begi begani nikalibeba mimi, na moyoni nikajiona muungwana wa mwisho aliyesalia Nairobi. Nilimfikisha mpaka mlango wa ploti yao, na kesho yake nikafanya vivyo hivyo. Ikawa desturi. Yaani, ikawa desturi yangu.

Siku moja, tulipofika barabara kubwa ya kuingia Ngara, nilimshika mkono ili tuvuke. Alivuta. Nikakaza. "Niache," akasema. "Magari ni mengi," nikamjibu, nayo kweli yalikuwa mengi. Ila tulipokwisha kuvuka, magari yakiwa nyuma yetu, sikumwachilia. Nilimshika hivyo mpaka mbele ya duka la dawa, nikimweleza jambo fulani kuhusu kozi ya takwimu. Naona aibu kuandika haya. Wakati ule sikuona kitu, nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Wiki iliyofuata alianza kutoka darasani mapema. Dakika ishirini kabla ya somo la mwisho kuisha, alikusanya vitabu na kupotea, hivyo karatasi ilimpita. Nilimhurumia sana. Nilidhani amepata kibarua, au, Mungu apishe mbali, mpenzi. Hata hivyo kazi ni kazi. Nilichora kistari mbele ya jina lake, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu nilikuwa na kalamu nyekundu. Baada ya mwezi nilimtumia ujumbe: amebakisha mara moja tu, akikosa tena atazuiwa kufanya mtihani, na kama kuna ninaloweza kumsaidia aniambie. Alijibu kwa neno moja, "Sawa." Nikashangaa watu wengine hawana shukrani.

Ndipo mshauri wa wanafunzi alipokuja darasani kwetu kuzungumza juu ya ridhaa na mambo ya kudhulumiana kimapenzi. Alikuwa mama mpole, mwenye miwani ya kamba shingoni. Alituomba kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, siku aliposema hapana na asisikilizwe. Akavikusanya kwenye katoni, akavichanganya, kisha akatafuta wa kusoma. Nilikuwa nimeshasimama. Sauti yangu imezoea matangazo ya kanisani.

Karatasi ya nne iliandikwa kwa herufi ndogo. "Kuna msee hunisindikiza kila siku," nikasoma. "Nikimwambia awache, anacheka." Darasa likacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Huyo ni kupe!" Nami, kwa kuwa nilikuwa na hadhira, nikaongeza, "Kaka, enda kwenu!" Wakapiga meza kwa furaha. Nikaendelea: "Hiyo time ya kutembea ndio nilikuwa naongea na mathe kwa simu. Saa hii siwezi. Siku moja tukivuka barabara alinishika mkono, nikamwambia aniache, akashikilia zaidi mpaka hapo kwa duka la dawa."

Yaliyobaki niliyasoma kwa sauti ambayo hata safu ya pili haikuisikia. "Siku hizi natoka mapema ndio asinipate. Nitakosa mtihani juu ya kusindikizwa."

Wenzangu walidhani nimeguswa. Wakanipigia makofi. Msichana yule alikuwa ameinamisha kichwa, akiitazama meza yake.

Watu walipotoka nilibaki, nikamweleza mshauri kwamba kupe ni mimi. Hakunibembeleza wala hakunifokea.

"Mara ya kwanza alikwambia nini?" akauliza.

"Alisema nirudi."

"Na wewe ukasikia nini?"

"Nikasikia nisirudi." Nikamweleza habari za mama, za leso, na rudi tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na pale barabarani, ulikuwa unasindikiza mgeni?"

Mama hajawahi kumshika mgeni mkono mpaka mgeni akavuta. Nilijua vizuri nilikuwa nataka nini pale barabarani, na nililijua wakati ule ule, ingawa nilijifanya sioni kitu.

"Usimtafute," mshauri akasema. "Akitaka kuongea, ataniambia mimi. Hayo mengine niachie."

Lau ningemwachia, ningekuwa mtu mwingine. Usiku sikulala kwa kufikiria ule mtihani. Asubuhi nilikwenda kwa mhadhiri, nikamkabidhi faili ya plastiki, nikaacha uwakilishi, na nikamsimulia kila kitu: kwamba vile vistari vyekundu ni makosa yangu, na msichana yule hakuwa akitoroka masomo bali alikuwa akinitoroka mimi. Mhadhiri akavifuta vyote mbele ya macho yangu. Nilitoka mle ofisini nikiwa mwepesi. Kusema kweli, nilikuwa nimeanza kujipenda tena.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye ngazi za jengo la madarasa msichana yule alipokuja mpaka niliposimama. Ilikuwa mara ya kwanza anijie mwenyewe. Nikautayarisha uso wa kupokea shukrani.

"Ulienda kwa mhadhiri," akasema.

"Ndio. Nilimwambia yote. Utafanya mtihani."

"Mtihani ningefanya. Jioni ile ya karatasi nilikuwa nishaongea na mshauri, tukakubaliana aandike barua aseme ni mambo ya kibinafsi. Sikutaka mhadhiri ajue. Leo ameniita ofisini, wahadhiri wenzake wawili wakiwa hapo, akanipa pole." Sauti yake haikupanda. "Uliniuliza?"

"Nilitaka tu kurekebisha..."

"Nimekuuliza, uliniuliza?"

"Hapana."

"Haya basi."

Akageuka, akateremka kuelekea langoni. Mdomoni nilikuwa na sentensi nzima ya kujitetea, na nilipotazama chini niliona mguu wangu mmoja umeshashuka ngazi kumfuata. Nikaketi pale pale, juu ya saruji. Alitoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, na kabla hajatoka nje ya lango nikamsikia akisema, "Mathe!" kisha akicheka na mama yake.