Uji wa Jibini wa Sitti

Beldina haachi kitu bila kukichokora. Tulipopanda ndege pamoja kuja huku Saudia, alimuuliza mhudumu maji ya choo cha ndege yanaenda wapi, nami nikajifanya simjui. Sasa yeye anafanya kazi Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, mimi napika Riyadh, na maswali yake yananifuata kwenye simu.

Siku moja alinitumia picha ya paketi. "Awino, hebu angalia. Hii ukipika inakuwa uji ama ugali?"

Sikujua, na kusema kweli kutojua kulinikera. Zilikuwa chenga za mahindi, nyeupe, za kupikwa na maziwa na jibini. Madam wake alizizoea alipokuwa akisoma Marekani, na sasa alitaka mama yake apikiwe. Huyo mama, ambaye nyumba nzima humwita Sitti, yaani nyanya, alikuwa ametoka hospitali na kugoma kula. Supu hataki, mtindi hataki. Daktari alisema asipokula, kesho yake arudishwe atiwe mpira wa kulishia puani.

"Nampenda huyu mzee," Beldina akaniambia. "Sitaki kumwona na huo mpira."

Basi akapika. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamwaga chenga. Lakini wewe unampelekaje mtu wa Siaya mbele ya sufuria ya mahindi halafu umwambie asisonge? Alisonga mpaka ikaachana na sufuria, akaipindua kwenye sahani, ikasimama pale na jibini lake juu. Madam akaitazama, akauliza kama alete kisu. Beldina hakuona cha kuchekesha. Mimi aliponisimulia nilicheka mpaka bosi wangu akaja kuchungulia jikoni.

Nikampigia simu ya video. "Sikiza mama. Kila mkono ukitaka kusonga, ongeza maziwa." Msidhani nilikuwa najua. Nilikuwa nabahatisha tu, na nilitaka sana kuona itakuwaje.

Akaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, akaanza upya kwa moto mdogo, akikoroga polepole.

"Imeanza kushika. Nisonge kidogo tu?"

"Beldina, tia maziwa."

Akatia, akakoroga, akatia tena. Chenga zikavimba, zikalainika. Akazima moto, akatia siagi na jibini alilokuwa amelikuna. Ikawa nzito lakini yateleza, inashuka kwenye mwiko bila haraka.

"Sasa jibini limeenda wapi?" akauliza, uso umekaribia kuingia kwenye sufuria. "Nimelitia mwenyewe na silioni." Nikamwambia apeleke chakula kabla hakijapoa.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye. Madam alishika kijiko, Sitti akafunga mdomo. Madam akambembeleza, akamwita majina yote matamu, wapi. Mwishowe akaweka bakuli mezani, akatoka na simu yake kwenda kuongea na hospitali, machozi yakimtoka.

Beldina akabaki pale na bakuli, roho ikimuuma. Akajiuliza labda ni chumvi. Akafanya tunavyofanya sote tukipika: akadondosha kidogo kwenye kiganja, akalamba. Chumvi ilikuwa sawa. Alipoinua macho, Sitti alikuwa anamtazama. Kisha mkono wa yule mzee ukatoka chini ya blanketi, kiganja juu, ukangoja.

Beldina akamdondoshea. Sitti akalamba, akaunyoosha mkono tena.

Mwingine angenyamaza na kushukuru Mungu. Beldina ni Beldina. Kwa Kiarabu chake cha kuungaunga akauliza, "Sitti, kwa nini kijiko hutaki?"

"Tangu nitoke hospitali wananisimamia wanitazame nikila," Sitti akasema. "Hakuna anayekula na mimi. Nyumbani kwangu sinia lilikuwa moja, na watu wamelizunguka."

Beldina akavuta kiti karibu. Akaweka bakuli kitandani katikati yao, wakala, huyu akilamba na huyu akilamba.

Madam aliporudi, simu ilikuwa bado sikioni. Alisimama mlangoni, akatazama mkono wa mama yake, kisha bakuli, uji ukiwa umebakia chini tu.

"Halas, basi," akasema kwenye simu. "Kesho hatuji."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akafuta uso, akanyoosha kiganja chake.