Kilo Sita na Nyongeza

Shuleni nilijigamba kwamba nitakuwa nesi, lakini sikumwambia yeyote kwamba kila Jumamosi nauza samaki na mama sokoni Kashikishi. Kwetu ukishapima, unamwongezea mteja kasamaki kamoja ili arudi.

Juzi mwalimu alitupeleka kliniki tujionee kazi za afya. Nesi akanichagua mimi, mjuaji, nipime mtoto mbele ya wenzangu. Mizani ilikuwa ya kuning'inia, sawa na yetu ya sokoni, basi mikono ikajiendea yenyewe. Nikamtundika mtoto, nikasoma mshale, nikapaza sauti: “Kilo sita, mama! Nakuongeza kamoja, kesho urudie kwangu!”

Mama wa mtoto akanikodolea macho, kisha akaangua kicheko.

“Kumbe njo weye, mutoto wa Mama Furaha wa samaki! Leo utaniongeza nini, mutoto mwingine?”