Kwa wivu nilimtia mume wangu dawa ya macho aliyokatazwa, sasa mke mwenzangu ndiye anafukuzwa

Admin, ficheni jina langu tafadhali, maana hapa Cibitoke tunajuana nyumba kwa nyumba. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nashona nguo nyumbani, nina watoto wanne. Mume wangu, tumwite Baba Hawa, ana miaka sitini na moja na anashughulikia makaratasi ya mizigo bandarini. Miaka sita iliyopita alioa mke wa pili, nitamwita Rehema, akamweka mtaa wa Kibenga. Sisi ni Waislamu, nilijua ana ruhusa. Pilau ya harusi yao nilipika mimi mwenyewe, nikacheka na wageni. Lakini tangu siku ile moyo wangu haujatulia, na leo nawaandikia mambo ambayo hata mama yangu mzazi hayajui.

Mwaka huu Baba Hawa alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akawa hawezi tena kusoma makaratasi ya kazi. Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza, akauguzwa kwangu. Alipewa dawa ya matone ya kutuliza uvimbe, nyeupe kama maziwa, unatikisa chupa kwanza, mara nne kwa siku, kisha unapunguza kidogo kidogo. Alikuwa anaweka kichwa mapajani mwangu, navuta kope ya chini taratibu, nadondosha tone moja. Wiki zile hakukanyaga Kibenga. Jamani, nilikuwa bibi harusi upya.

Kwenye kontrole, siku ya kurudi kuangaliwa, daktari akapima, akasema presha ya jicho imepanda. Akatueleza vizuri, nami nilikuwepo: "Hii dawa ina kortizoni. Watu wengi haiwasumbui, lakini kwa wewe inapandisha presha, na presha inaweza kuua jicho. Jicho la pili tutatumia dawa nyingine isiyo na kortizoni. Itawasha kidogo, uvumilie."

Akaachishwa dawa ile, presha ikashuka. Jicho la kushoto lilipopasuliwa, ilikuwa zamu ya Rehema kumuuguza. Wiki mbili. Aliporudi kwangu na chupa ya hiyo dawa isiyo na kortizoni, nilimkalisha mlangoni penye mwanga nikalinganisha macho yake. La kushoto lilikuwa jeupe, safi kabisa. Akasema, "Mama Hawa, dawa ya Rehema iko muzuri kuliko ile yako. Inawasha kidogo, lakini jicho ya zamu yake haikunisumbua."

Dawa ya Rehema! Kama ndiye aliyeitengeneza! Nilijua ni ya daktari, lakini neno lile lilinichoma kifuani. Yaani nilichomfanyia mimi ndicho kibaya, na Rehema ndiye aliyemponya? Siku nzima cherehani iligoma mikononi mwangu, nashona na kufumua.

Kwenye frigo, jokofu letu, ilikuwa imebaki chupa yangu ya zamani. Jioni ile nikaitoa, nikaitikisa, nikamtia jicho la kushoto. Hakuona ni chupa gani. Akasema, "Eh, leo haiwashi. Mukono yako iko mwepesi kuliko wa mwenzako." Sikieni, nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Nikaendelea hivyo kila siku, zamu yangu yote ya wiki mbili. Nilijiambia ni matone tu, na jicho lile limeshapona. Nilitaka asifie mkono wangu, basi.

Alirudi Kibenga akiwa anasema kichwa kinamgonga upande mmoja. Siku ya tatu Rehema akampeleka hospitali mbio, jicho linauma, akitazama taa anaona duara za rangi. Presha ilikuwa juu sana. Daktari akauliza ametiwa nini. Rehema akatoa chupa, na kumbe alikuwa amenunua nyingine kwenye farmasi ya jirani, ya kwanza ilipoisha. Baba Hawa akawaka: "We Rehema, umeninunulia dawa gani? Unataka nikuwe kipofu?"

Kisha akanipigia simu. "Na we kwako, ulinitia nini?"

Nikajibu haraka, "Wallahi, ile tu uliyokuja nayo." Niliapa kwa jina la Mungu, ndugu zangu. Mdomo ulitangulia kabla sijafikiri, halafu sikuurudisha.

Chupa ya zamani niliitupa chooni siku ileile. Yeye yuko kwangu sasa, anatumia dawa ya kushusha presha, na jicho linaona lakini kwa pembeni anasema kuna kivuli. Rehema ameambiwa arudi kwa wazazi wake. Nilichokuwa nakiomba miaka sita nimekipata, na wala hakinifurahishi.

Kinachonitisha zaidi ni maneno ya daktari. Chupa ya Rehema ameikagua, ni dawa nzuri, ila Baba Hawa anashikilia kwamba Rehema alimtia nyingine. Akasema, "Kama kweli hakuna kortizoni iliyoingia, basi huu ni ugonjwa mwingine wa presha, na Alhamisi tutaamua kama tumpasue tena." Mume wangu atapasuliwa jicho kwa ajili ya uongo wangu.

Na jana Rehema mwenyewe alinipigia, analia. "Dada, najua hunipendi, na sikulaumu. Lakini we umeishi naye miaka mingi, anakusikiliza. Mwambie mi sikumutia kitu kibaya. Nakuomba we tu, sina mwingine."

Nikamwambia, "Apana kulia, nitaongea naye." Sijaongea.

Nikisema ukweli, talaka naiona, na watoto watajua mama yao ni mtu wa namna gani. Niende kwa daktari peke yangu nimweleze kwa siri? Na Rehema je, nani atamsafisha? Nitukaneni mkitaka, nastahili, ila mkimaliza kunitukana nielekezeni: nianzie kwa nani, na niseme vipi? Alhamisi ni keshokutwa.