Kahawa ya Aristides

Nikiwaambia kwamba kijiji chetu hiki cha juu ya Muleba kilianza na mwanamke mmoja aliyebeba mavi ya ng'ombe kichwani, msicheke, maana ndivyo kilivyoanza. Hapa palikuwa rweya tupu, nyika ya majani ambayo wanawake walilima njugu mawe msimu mmoja, kisha wakaiacha ipumzike miaka.

Aristides alikuwa kitinda mimba. Kibanja cha baba yao, shamba la migomba, kiliishia kwa kaka zake, naye akapewa kipande cha rweya na mkungu, kiongozi wa eneo. Akajenga nyumba ya nyasi, akamleta mkewe Georgina kutoka Nshambya, na kabla mwaka haujaisha akapanda meli kwenda Uganda kutafuta kodi ya kichwa. Ilikuwa mwaka wa thelathini na nne. Siku moja kabla ya safari alimzungusha mkewe, akionyesha kwa fimbo: huku migomba ya chakula, kule ya pombe, na hapa mbele ya nyumba, kahawa. Hakusema nani ataipanda. Wala Georgina hakuuliza, kwa sababu kwetu wakati ule kila mtu alijua kahawa ni mti wa mwanamume.

Mumewe alipoondoka, Georgina akaanza kazi. Kila asubuhi alishuka kwa Ishengoma, mwenye ng'ombe, akamsafishia zizi, na ujira wake ulikuwa hayo mavi. Alichimba mashimo, akayajaza, akapanda migomba, akatandaza nyasi juu. Mikungu ya kwanza ya ndizi ilikuwa ya kuonea huruma. Mwaka wa tano udongo ukaanza kuwa mweusi. Hapo mjane mmoja, Kokubanza, akaja kuomba machipukizi, mwishowe akahamia jirani. Wakafuata wengine. Ilipofika mwaka wa kumi zilikuwa nyumba kumi na moja, njia ya kwenda chemchemi iliyochongwa kwa zamu, na kibanda ambamo katekista Nathanieli alifundisha watoto kusoma. Hapakuwa na shamba lisilokuwa na mgomba uliotoka kwa Georgina.

Lakini pale mbele ya nyumba yake palibaki patupu. Kila msimu alipapalilia, akatandaza nyasi, asipande kitu. Bwana shamba Rweyemamu alimbembeleza mara tatu achukue miche. Mara tatu akajibiwa kwamba mwenyewe yuko safarini. Kokubanza, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alimwuliza, "Waitu, umemwachia bwana kiwanja cha mpira?" Walicheka wote wawili. Kisha Georgina akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka mwenzake akajuta.

Kila meli ilipotia nanga Bukoba, kesho yake alipika ndizi za watu wawili. Aliyekula sehemu ya mumewe mara nyingi alikuwa Burhani, mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, aliyepita na baiskeli akiuza chumvi na kanga, na ambaye mara mojamoja alivuka kwenda Uganda kufuata bidhaa.

Vita vilipokwisha, Burhani akaja na habari. Alikuwa amemwona Aristides huko Masaka. Ana nyumba, ana mke, ana watoto watatu. Burhani hakuficha kitu, ila alisema yote akiangalia sahani. Georgina akauliza kama mumewe hakumtuma neno.

"Aliuliza jambo moja tu, Mama. Aliuliza kama kahawa imeanza kuzaa."

Georgina akatazama pale mbele. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemngoja mwenyewe aje apande, na miaka hiyo yote mwenyewe alidhani imekwisha kupandwa.

"Ukimwona tena, mwambie inaendelea vizuri."

"Kahawa ipi, Mama?"

"Nitakayoifuata kesho kwa bwana shamba."

Kweli akaifuata. Alirudi na miche sitini, na majirani wakaja na majembe bila kuitwa. Kokubanza alichimba asubuhi nzima pasipo mzaha hata mmoja. Mwishoni tu ndipo alimwuliza kwa upole kwa nini ajitaabishe kwa ajili ya mwanamume mwenye mji mwingine. Georgina alimjibu kwamba kahawa huchukua miaka mitatu, na katika miaka mitatu mtu anaweza kufikiri mengi.

Mwaka wa tatu ilichanua. Mliokuwapo mnakumbuka weupe ule, na harufu iliyofika mpaka chemchemini. Burhani alisimamisha baiskeli, akavuta pumzi, akasema anavuka wiki ijayo; je, safari hii amwambie nini?

"Usimwambie kitu," alisema Georgina. "Njia ya hapa anaijua."

Burhani akaaga. Alikuwa ameshaanza kuteremka aliposikia hatua nyuma yake. Georgina alikuja mbiombio, jembe bado mkononi, akakishika kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Lakini akiuliza," alisema, "mwambie imechanua."